Moto wa Mwisho wa Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, kabla sijatoa nje beseni la kwanza. Naandika kwa sababu programu niliyowekewa kwenye simu inataka niandike mistari michache kila siku. Wameacha nafasi ya kuandikia humohumo, lakini vidole vya dobi vinashinda majini na kioo cha simu hakivitambui. Nimenunua daftari.

Nieleze nilipo. Mimi nafua. Mke wangu, aliyefariki miezi mitano iliyopita, alikuwa anapiga pasi. Ndivyo tulivyogawana duka hili tangu tuoane: maji yangu, moto wake.

Zamani kidogo, mama yangu alipofariki, niliugua bila kujua kwamba naumwa. Sikuwa na homa wala kidonda. Nililala tu, nikautazama ukuta msimu mzima wa mvua, na mke wangu akafua na kupiga pasi peke yake, akiniletea chai na kuirudisha jikoni imepoa. Daktari wa kliniki aliuita ugonjwa ule sonona. Mwezi uliopita nilikwenda kwake kupima presha. Akanitazama juu ya miwani, akasema aliyewahi kuugua sonona anaweza kuugua tena, hasa akifiwa, hasa mvua zikimfungia ndani, na safari hii tusingoje nianguke ndipo tuanze kutafuta kamba ya kunivutia juu. Akanitajia programu hii ya mtandaoni. Haina malipo. Ina masomo mafupi ya kusikiliza, kazi ndogo za kila siku, kikundi cha kuandikiana, na mshauri anayepiga simu.

Mwanangu anaishi mji mwingine, na anataka nifunge duka nihamie kwake. Tulibishana kwa upole, kama tunavyobishana siku zote, tukakubaliana hivi: mvua zikiisha nikiwa bado nimesimama, nabaki. Nikianza kulala kama mwaka ule, nafunga. Nampenda mwanangu. Lakini nyumbani kwake hakuna hata kamba moja ya kuanikia. Wana mashine ambayo nguo zinaingia chafu na kutoka kavu, na mtu kama mimi atabaki kuitazama ikizunguka.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye aliyeniwekea programu. Ni mwalimu wa chekechea. Alinifundisha kuifungua kwa subira ileile anayofundishia watoto kufunga kamba za viatu.

Jumanne, 4 Machi

Kila asubuhi programu inauliza: Hali yako ikoje leo? Chini yake kuna sura tano, kuanzia inayolia hadi inayocheka. Nimebonyeza inayocheka. Ikanipongeza na kuniambia niendelee hivyohivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la leo lilihusu dalili za mwanzo. Sauti ya mwanamke, ya taratibu, ilisema sonona haiji siku moja. Hutanguliza vitu vidogo, na kila mtu ana vyake. Nivitafute vyangu.

Sikwenda mbali. Nilipopona mwaka ule, mke wangu aliniambia alijua kabla sijalala hata siku moja. "Nilijua ulipoacha kusuuza mara ya pili," alisema. Dobi anasuuza mara mbili. Yeye alikuwa na utani wake: maji ya kwanza ya kutoa sabuni, ya pili ya kuyatoa yale ya kwanza. Mwaka ule nikawa nasuuza mara moja, nguo zinakaukia kwenye kamba zikiwa ngumu kama maboksi. Hiyo ndiyo dalili yangu. Naiandika hapa.

Pasi yake iko mezani pake, waya umezungushiwa kitambaa kama alivyouacha. Sijaigusa. Nguo nazikunja vizuri na kuwarudishia wateja bila pasi, nao kwa ajili ya msiba wananyamaza.

Ijumaa, 14 Machi

Masomo nayasikiliza asubuhi kwenye benchi la nje, chini ya upenu, nimeweka vile vijiwaya masikioni. Jirani yangu ni kinyozi. Mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Leo alinikuta natabasamu, maana yule mama wa kwenye masomo huwa anakohoa kidogo kabla ya kusema jambo kubwa, na mke wangu alikuwa hivyohivyo. Redio akataka kujua naongea na nani. Ningemwambia nini? Kwamba simu inanifundisha kutoanguka? Nikamwambia nasikiliza mtu fulani. Akauliza mtu fulani wa kike au wa kiume. Nikajibu, kwa ukweli mtupu, kwamba sauti ni ya kike.

Kabla ya saa sita muuza maziwa alikuwa ameshanipa hongera.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nguo zote nimezitundika sebuleni. Ukitoka jikoni unapita katikati ya watu wasio na vichwa.

Jumamosi, 22 Machi

Kazi ndogo ya leo: nenda mahali ambapo zamani palikufurahisha. Nimekwenda kwa muuza vifungo, nyuma ya soko. Mke wangu alikuwa akipita pale kila mwisho wa wiki. Shati la mteja likija limepungukiwa kifungo, alikishona kingine bila kusema. Wateja wengi hawakujua kamwe. Nikimwuliza mbona hawaambii, anasema akiwaambia watamshukuru, na yeye hatajua mikono aiweke wapi.

Nimenunua vifungo vyeupe. Muuza vifungo alinipa pole, halafu akanipa vya rangi ya bluu juu yake.

Alhamisi, 27 Machi

Mshauri amepiga simu. Ni msichana kwa sauti, ana adabu, ananiita Baba. Alisema ameangalia sura zangu za mwezi mzima na zote zinacheka, na ni watu wachache wanaofanya vizuri namna hii. Akaniuliza kama ni sawa sasa awe ananipigia mara moja tu kwa mwezi badala ya kila wiki, ili apate nafasi ya wanaohitaji zaidi. Nikamwambia ni sawa kabisa, nikamshukuru na kumwombea heri kazini kwake.

Nilipokata simu nikakaa pale pale na beseni miguuni mpaka povu likaisha lenyewe.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimelala mchana. Ni uchovu tu. Asubuhi nilibonyeza inayocheka.

Jumatano, 9 Aprili

Leo Redio amekuja dukani kwangu akijikuna shingo. Amevaa lile shati la mistari nililomfulia juzi. "Dobi," akasema, "shati hili umelifua au umelipaka uji? Kola inaniwasha mpaka wateja wanadhani nina upele. Kinyozi mwenye upele atamnyoa nani?"

Nikacheka naye. Alipoondoka nikazitoa nguo zote kwenye kamba za sebuleni, nikazishika moja moja. Zote zilikuwa ngumu. Sikumbuki ni lini nilianza kusuuza mara moja. Nilijaribu kukumbuka na sikuweza, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko nguo zenyewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Haya nayaandika yote, hata kama mkono utachoka.

Asubuhi niliamka nikiwa na uzito ule. Naujua. Ni kama kulala na blanketi lililolowa. Nikafikiria kufunga mlango wa duka nirudi kitandani, leo tu. Halafu nikakumbuka kwamba mwaka ule pia nilianza na leo tu.

Nikafungua simu. Hali yako ikoje leo? Kidole kikaenda chenyewe kwenye ile inayocheka, kama mtu anayejibu "salama" kabla salamu haijaisha. Nikakizuia. Nikazitazama zile nyingine, ambazo sikuwahi kuzitazama. Ya pili kutoka kwenye inayolia ina mdomo uliopinda kidogo. Haijalia. Imechoka tu. Nikasema huyu ndiye mimi, nikaibonyeza.

Haikunipongeza. Iliniuliza kama ningependa kuzungumza na mtu leo. Nikabonyeza ndiyo, nikaishika simu kwa mikono miwili.

Mshauri alipiga kabla chai haijapoa. Nikamwambia kuhusu kusuuza, na kulala mchana, na blanketi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila kunilaumu: "Baba, sasa mbona mwezi mzima ulijibu kwamba unacheka?"

Nikamwambia, "Mwanangu, si uliniuliza hali? Mtu akiulizwa hali anajibu mzima."

Nilisikia anazuia kicheko, si cha kunidharau. Akasema hata yeye angejibu hivyohivyo. Hata bibi yake, akiwa amelazwa na mguu umevunjika, aliulizwa hali akasema nzuri. "Lakini hiyo ni salamu ya mlangoni, Baba. Hapa tumeshaingia ndani, tumeketi. Hapa ndipo watu wanapoambiana."

Sijui kwa nini hakuna aliyenieleza hivyo kabla. Mimi niliichukua programu kama mgeni. Kila asubuhi ilibisha hodi, nami nikaipokea kwa adabu, nikaiaga, nikafunga mlango.

Tumezungumza kwa muda mrefu. Amerudisha simu za kila wiki. Amesema nimefanya jambo gumu, kwamba wengi huita wakiwa chini kabisa, na mimi nimeita nikiwa bado nimeshika ukingo. Mchana nimerudisha kila nguo majini. Nimesuuza mara mbili.

Jumatatu, 14 Aprili

Mshauri aliniuliza ni jambo gani ninalolikwepa. Nikasema pasi. Sikulifikiria, lilitoka lenyewe.

Ameniambia niandike ile fikra inayokuja nikiikaribia, kisha niidai ushahidi kama mtu anayemdai mteja tiketi ya nguo zake. Nimekaa mezani pake leo na daftari hili. Fikra ni hii: nikiishika pasi yake, nitakuwa nimemwondoa.

Ushahidi kwamba ni kweli: sina.

Ushahidi kwamba si kweli: mwaka ule nilipolala, yeye aliingiza mikono kwenye maji yangu. Mikono yake haikuzoea, ilichubuka. Hakuniondoa. Alinishikia nafasi mpaka niliporudi.

Nimeyasoma maneno hayo mara kadhaa. Yameandikwa kwa mkono wangu na bado yamenishangaza.

Nimekumbuka na hili. Jioni akimaliza kazi, alichomoa waya ukutani, na joto lililobaki kwenye chuma akalitumia kunyoosha shati langu. Kila siku la kwangu lilikuwa la mwisho. "Wateja wanapata moto mkali," alikuwa akisema. "Moto wa mwisho ni wako, ule mpole." Tangu aondoke navaa mashati yenye makunyanzi kama gazeti la kufungia.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku ya kikundi. Leo niliandika kwa mara ya kwanza, polepole, kidole kimefutwa vizuri. Niliandika kwamba nimefiwa na mke na naiogopa pasi. Nilidhani watacheka. Dereva mmoja wa lori akajibu kwamba yeye bado anaendesha na kiti cha pembeni kimesogezwa nyuma, kwa ajili ya miguu ya kaka yake, na hajui atakirudisha lini. Mwingine akaandika tu: endelea.

Jumanne, 22 Aprili

Mimi na mshauri tumeikata kazi ya pasi vipande. Kipande cha kwanza, kusimama karibu nayo. Cha pili, kufuta vumbi. Leo ni cha tatu: nimefungua kitambaa kwenye waya. Kilikuwa bado na mkunjo wa vidole vyake. Nimekitia mfukoni, kipo. Kisha nimeiendesha pasi ikiwa baridi juu ya leso. Haikunyoosha kitu. Nimeisukuma mbele na nyuma kama mtoto anayechezea gari, na Redio akapita dirishani, akaona, akaenda zake kwa kunyata.

Sura ya leo: ya katikati.

Jumamosi, 26 Aprili

Mwanangu amekuja bila kuniarifu. Gari limesimama mlangoni kwenye matope, yeye akashuka upande mmoja na mkwe wangu upande mwingine. Nikafikiri kuna msiba.

Akasalimia vizuri. Akakaa. Akakataa chai, na hapo nikajua kuna jambo, maana hajawahi kukataa chai yangu tangu aote meno.

"Baba," akasema, "sisemi usioe. Wewe ni mtu mzima. Lakini huko mitandaoni kuna watu wanaowawinda waliofiwa. Huyo mwanamke unayeongea naye kila asubuhi, umeshamtumia kitu?"

Kumbe Redio alimpigia kumpa hongera ya kupata mama mdogo.

Nikamwambia nimemtumia sura.

"Sura?"

"Kila asubuhi. Wananipa tano, nachagua moja."

Mkwe wangu akageukia ukutani mabega yakitikisika. Yeye ndiye aliyeiweka programu, alishaelewa. Mwanangu alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nikampa simu, nikamwonyesha pale sura zote zilipopangwa, siku baada ya siku. Akapitisha kidole taratibu. Machi nzima inacheka. Halafu, kuanzia tarehe kumi Aprili, mdomo uliopinda, uliopinda, wa katikati, uliopinda, wa katikati, wa katikati.

"Mbona mwanzoni ulikuwa na furaha?" akauliza.

"Mwanzoni nilikuwa na adabu."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Nikaona heri nimwambie yote nikiwa bado na ujasiri. "Mwezi huu nilianza kuteleza," nikasema. "Nilikuwa nasuuza mara moja."

Alikuwa kijana mwaka ule. Ndiye aliyekuwa akimsaidia mama yake kukamua mashuka. Hakuhitaji maelezo. Uso wake ukawa ule wa wakati ule, nikamwonea huruma.

"Basi tufunge, Baba. Leo leo. Tupakie vitu."

"Hatukukubaliana hivyo. Tulikubaliana nikilala. Sijalala. Niliteleza, nikamwita mtu, nimesimama hapa naongea na wewe. Mwaka ule sikumwita mtu. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa."

Sijawahi kusema na mwanangu maneno mengi namna hiyo kwa pamoja. Akatoka nje akasimama chini ya upenu akitazama mvua. Mkwe wangu hakumfuata. Alisema tumwache, yeye huwa anafikiri vizuri akilowa. Akainuka akaenda kugusa nguo za kwenye kamba, kola moja baada ya nyingine, na akaniambia kwa sauti ya chini kwamba zote ni laini.

Mwanangu aliporudi aliomba chai. Akauliza yeye afanye nini. Mkwe wangu akamwonyesha kwamba programu ina nafasi ya mtu wa karibu, ambaye hupewa taarifa sura za chini zikifuatana. Nimemwandika yeye. Makubaliano yetu yamebaki palepale, mpaka mvua ziishe.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono, akaniuliza hali. Nikafungua mdomo. Akasema, "Si ya mlangoni, Baba. Ya ndani." Kumbe mke wake, niliyemsimulia maneno ya mshauri yeye akiwa nje mvuani, alishamnong'oneza.

"Ya katikati," nikamwambia.

"Ya katikati naikubali," akasema.

Jumanne, 6 Mei

Pasi ya moto. Nilichovya kidole kwenye bakuli la maji nikaidondoshea tone, kama alivyokuwa anafanya, nikasikiliza. Tone likilia kidogo na kukimbia, moto ni wa pamba. Likilala na kuchemka, bado. Lilikimbia.

Leso ya kwanza nimeiunguza, ina alama ya pasi katikati kama unyayo. Ya pili imenyooka. Nimejikuta napiga mluzi. Redio amepiga kelele kupitia ukutani kwamba nimekosea wimbo.

Jumatatu, 12 Mei

Msimamizi wa kliniki amekuja mwenyewe, amelowa mpaka magotini. Jumamosi wanafungua jengo jipya la wazazi na wageni wanakuja. Makoti meupe ya wauguzi wote yamefuliwa lakini hayakauki, na mashine yao imegoma. Katika mvua kama hii koti zito linamalizwa na pasi tu. Akauliza kwa wasiwasi, maana alijua habari za msiba, kama siku hizi duka langu linapiga pasi.

Nikamjibu linapiga.

Alipoondoka nikachukua simu. Nikamwandikia mshauri. Nikaandika pia kwenye kikundi. Yule dereva wa lori akajibu: leta picha.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepiga pasi tangu Jumanne. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na saa nne asubuhi umeme ukakatika, nusu ya makoti bado mabichi.

Redio naye mashine zake zikazima. Akaja akakaa kwenye benchi langu. Tukatazama maji yakishuka. Nikasikia ule uzito unasogea, unaniambia ulijua tu. Nikautambua kuwa ni fikra, nikaidai tiketi yake. Haikuwa nayo. Nikaenda kuyakunja makoti yaliyokamilika.

Na kwa kuwa hatukuwa na la kufanya, nikamwambia Redio ukweli kuhusu mchumba wangu. Nikamweleza ugonjwa, msimu ule, sura, mshauri, kila kitu. Nilijua namwambia mtaa mzima. Nikaona na uambiwe.

Redio hakunikatiza hata mara moja. Umeme uliporudi, saa nane, hakurudi dukani kwake. Alikunja mikono ya shati akawa ananipa makoti na kuyapokea. Kola kuanzia ncha kuja katikati. Mikono kabla ya mgongo. Kifungo cha juu kikutazame usoni, kama mtu anayekusalimu. Ndivyo alivyokuwa akifanya mke wangu. Makoti yaliyopungukiwa vifungo tumeyashonea, na Redio nimemwapisha asiseme.

Tumemaliza bado kukiwa na mwanga. Chumba kizima cheupe. Nimepiga picha.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda kuyapeleka makoti, nikakaribishwa nibaki. Nilisimama nyuma. Wauguzi walitoka kwenye jengo jipya wamepangana, mvua imekatika kidogo, na weupe ule ulikuwa unaumiza macho. Mgeni mmoja alimwuliza mwenzake nguo hizi zimepigwa pasi wapi. Nikasikia jibu: "Kwa yule dobi na mkewe." Sikusahihisha. Ni kweli tupu.

Ijumaa, 23 Mei

Daktari ameniuliza maswali yake yote, la usingizi, la hamu ya kula, la kujiona si kitu. Nimeyajibu ya ndani. Akajumlisha, akaweka kalamu chini, akasema sikuanguka.

Nikamwambia nilikaribia.

Akasema alimaanisha hivyohivyo. Kazi yote hii ni ya kukaribia na kurudi. Ameniambia niendelee na programu hata jua likiwaka, na nisiiache siku nikijiona nimepona sana.

Jumanne, 27 Mei

Redio alikuja baada ya kufunga duka lake. Alizunguka zunguka, akasifu kamba zangu, akalaumu serikali ya mtaa kwa mitaro. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Huyo mchumba wako, hana dada?"

Nilitaka kucheka, halafu nikaiona mikono yake. Alikuwa anafungua na kufunga mkasi mtupu. Binti yake ameolewa mbali mwaka huu na nyumba imebaki yeye na redio ya kweli. Nikasogea kwenye benchi. Nikaichukua simu yake, nikamwekea programu kwa subira ya mkwe wangu.

Ilipouliza hali yake ikoje, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye inayocheka.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "ingia ndani kwanza."

Akakiondoa kidole. Akazitazama zote tano kwa muda mrefu, kimya. Redio, kimya.

Jumamosi, 31 Mei

Jua tangu asubuhi. Nimetoa kamba zote nje, nguo zimejaa ua mzima mpaka kwenye uzio wa kinyozi, na sebule yangu ina nafasi ya kutembea.

Mwanangu alipiga simu mchana. Akauliza ya ndani, nikamwambia. Akasema mvua zimeisha, Baba, na wewe umesimama, kwa hiyo yeye hana la kudai. Akaongeza kwamba ana mashati ya kazini ambayo mashine yao inayaharibu kola, akauliza kama duka langu linapokea wateja wa mbali. Nikamwambia linapokea, ila angoje zamu yake.

Jioni nimemaliza nguo za wateja. Nimechomoa waya ukutani. Chuma kilikuwa bado kina joto, lile la upole. Nikavua shati langu, nikalilaza mezani pake, nikalinyoosha. Kola kutoka ncha kuja katikati. Mikono. Mgongo. Joto lilitosha mpaka kifungo cha mwisho.

Nimelivaa likiwa na uvuguvugu bado, nimekaa nalo kwenye benchi la nje. Leo asubuhi, nilipoamka na kuliona jua, simu iliniuliza kama kawaida. Niliwaza kwanza. Nilizitazama zote tano, kwa haki. Kisha nikabonyeza inayocheka, na safari hii haikuwa adabu.